Chini ya Ua la Utepe

Denzil Holtom wa kundi la ngoma alinigongea mlango saa nne kasoro robo asubuhi, siku yenyewe ya ngoma, amekumbatia kisanduku cha kioo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Ndani yake mlikuwa na utepe wa babu.

"Dada Keziah, niokoe. Ua linachomoka, na mzee anataka kuuvaa leo."

"Kuuvaa? Autoe kisandukuni auvae?"

"Ndiyo hivyo. Anasema miaka hamsini haiji mara mbili. Hata ufunguo kanipa." Akauweka mezani, karibu na keki yangu ya matunda, akafuta jasho. "Ila kasema umpigie mishono miwili pembeni, basi. Usifumue. Hilo kalirudia mara tatu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, na kidole juu. Si unamjua baba yako."

Ninamjua. Kwa miaka hamsini Reuben Tanfield amekuwa kiongozi wa kundi la Morisi, ngoma ya kale ya vijiji vya Uingereza, hapa Sharncote, na kwa miaka hiyo yote ufunguo ule haukuwahi kutoka kwenye mnyororo wa saa yake. Alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na zamani ua lile angelishona mwenyewe huku amefumba macho. Siku hizi vidole vimepinda, hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Ndiyo maana nililetewa mimi, mshonaji wa kijiji, ambaye kila mwaka nawashonea wanaume hawa mavazi yao na bado wananifundisha namna ya kushika sindano.

Sisi ni buluu. Shati jeupe, suruali nyeupe, njuga chini ya magoti, na tepe mbili pana za buluu zinazopishana kifuani; pale zinapokutana panakaa ua la utepe, kubwa la kujaza kiganja. Oddwell, maili mbili ng'ambo ya kilima, ni kijani. Sisi tunawaita vyura, wao wanatuita chupa za wino. Mama yangu aliwahi kupaka mlango wa banda la kuku rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani. Baba aliupaka upya kabla ya chai ya jioni, na kuku wamo ndani.

Buluu hiyo ilitoka kwenye utepe huu huu. Ngoma yetu ilikuwa imekufa, na mwaka 1934 baba alipoifufua, kitu pekee kilichobaki cha wazee wa zamani kilikuwa utepe wa babu yake, uliokuwa ukining'inia dirishani kwenye baa miaka nenda miaka rudi. Ulikuwa buluu. Baba akasema sisi ni buluu, na hakuna aliyebisha.

Aliyekuja kubisha ni baba yangu mdogo, Amos, na alibisha mwaka 1947, vita vimekwisha na kundi limeanza kukusanyika tena. Palikuwa na bibi mmoja, mzee sana, aliyekuwa akiwafulia wachezaji wa zamani nguo zao. Alimwambia Amos kwamba tepe za wazee zilikuwa kijani, na hata Oddwell waliichukua rangi hiyo kwetu walipokuwa wakija kucheza nasi. Amos akaja baa akasimama mbele ya wote. Nakumbuka maneno yake kwa sababu nilikuwa nimepanda pipa nje ya dirisha, nina miaka tisa na sina meno ya mbele.

"Fumua hilo ua, Reuben. Jua halijafika chini yake. Tutaona."

Baba akasema kitu cha babu hakikatwi na mkasi wa mtu mwenye wasiwasi. Wakapiga kura, Amos akatolewa. Desturi yetu ni kwamba anayetolewa kundini anavuliwa utepe mbele ya wenzake, na anayemvua ni kiongozi. Kwa hiyo baba ndiye aliyemvua mdogo wake.  Amos alipanda kilima na shati lake jeupe tupu, akaenda Oddwell, akaoa huko, akawapigia kodiani huko. Miaka thelathini na saba, maili mbili, na hawakusemezana tena. Siku tuliyomzika bibi yangu walisimama pande mbili za kaburi, na mchungaji akawa anageuza shingo huku na huko kwa zamu.

Leo Oddwell walikuwa wageni wetu. Denzil ndiye aliyewaalika, kwa ajili ya miaka hamsini, na basi lao lingefika saa saba. Ngoma ilikuwa saa nane.

Nilichukua mkasi mdogo nikaufumua. Sitajitetea. Mtu akiniambia mara tatu nisifumue kitu, ananiambia kuna kitu.

Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa uzi. Utepe wenyewe una mishono ya hariri, midogo, ya mkono wa mwanamke aliyekufa kabla ya baba yangu kuzaliwa. Lakini ua lilikuwa limeshikizwa na uzi wa kitani uliopakwa nta, mishono imepita na kurudi katika tundu moja, kwa sindano mbili. Hivyo ndivyo inavyoshonwa hatamu ya farasi. Nimekaa chini ya meza ya mtu anayeshona hivyo utoto wangu wote, na mkono ule naujua kama naujua mwandiko wake.

Nikalivuta ua. Chini yake, pakubwa kama kiganja, utepe ulikuwa kijani. Kijani cha ganda la njegere, kibichi, kama umetiwa rangi juzi.

Nilikaa chini. Watia rangi wa zamani hawakuwa na kijani cha kuchovya mara moja. Walichovya kwenye manjano, kisha kwenye buluu. Jua hula manjano kwanza, na buluu inabaki peke yake ikijidai. Nimefanya kazi hiyo jikoni kwangu mara nyingi, nalijua jambo hilo tangu ujana, na sikuwahi kulisogeza karibu na utepe wa babu. Kuna mambo mtu hujizoeza kutoyawaza nyumbani kwa baba yake.

Ndani ya ua, mahali pa kadi ya kulikazia, palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua polepole. Ilikuwa ya kalenda ya muuza mbegu: Juni 1947.

Amos alifukuzwa mwezi Mei.

Nikavuka ua wa nyumba nikaenda kwa baba. Nilikuwa nimekasirika mpaka mikono imekuwa baridi. Nilimkuta amekaa kitandani na suruali yake nyeupe, mguu mmoja una njuga, mwingine bado, anahangaika na kamba.

"Umeshona?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimefumua."

Njuga zikanyamaza.

"Nilisema usifumue."

"Ulisema mara tatu. Nani alilishona hili ua, Baba?"

"Bibi yangu mzaa baba."

"Bibi yako alikuwa akishona hatamu za farasi?"

Akanikata jicho, jicho lile la kuwanyamazisha wanaume ishirini. Mimi nikaiweka ile karatasi ya kalenda juu ya goti lake.  Nje watu walikuwa tayari wanapanga viti, mtu anagongea vigingi kwa nyundo.

"Wiki tatu," alisema mwishowe. "Nilikaa wiki tatu, sikuweza kulala. Nikafungua ili nimwoneshe. Nilitaka nimpelekee huko huko Oddwell nimwambie, haya, tazama, mwongo wewe."

"Ukakuta kijani."

"Nikakuta kijani."

"Ukashona."

"Ungefanyaje wewe?" Sauti ilimpanda. "Tepe za Wilf na Edgar ziko kanisani, zile walizovaa kabla ya kwenda kufa vitani. Za buluu! Mama zao walikuwa wanakuja kila Jumapili kuzigusa. Niende niwaambie zile si rangi zetu? Samahani mama, mwanao alicheza na rangi iliyochujuka?"

Nikaiondoa karatasi gotini kwake.

"Mama zao wamekufa zamani, Baba. Mama wa Edgar nilimshonea sanda mimi mwenyewe. Miaka iliyofuata yote ulikuwa unamlinda nani?"

Akageukia ukuta.

"Baba mdogo alikuwa anasema kweli, na ulijua. Ulimwacha awe mwongo wa kijiji kizima. Watoto walikuwa wanamwimbia akija sokoni. Mimi niliimba! Niliimba na wenzangu, nikarudi nyumbani nikakusimulia, na wewe ukaendelea kula viazi."

"Nifungie njuga," alisema.

"Mungu wangu."

"Keziah. Nifungie njuga, mwanangu. Vidole havitaki."

Nikapiga magoti nikamfunga. Ni baba yangu, ana miaka sabini na minane. Nikiwa hapo chini nikamwuliza, "Kwa nini ulimpa Denzil? Ungeweza kutia pini mwenyewe. Ungeweza kuuacha kisandukuni miaka hamsini mingine."

Akaunyoosha mguu wa pili.

"Nitalishikiza kwa uzi mmoja," nikamwambia. "Nitalipiga bandi tu. Ukilivuta linatoka. Lakini mimi sitalivuta, wala sitasema. Kazi hiyo si yangu."

"Nilivute nimwoneshe nani? Amos haji. Ana miaka sabini na minne, na Oddwell wana kijana wa kuwapigia."

"Anakuja. Nimeona orodha ya Denzil. Na unajua desturi, mgeni ndiye anayempigia mwenyeji ngoma yake ya peke yake."

Uso wake ulibadilika mbele yangu. Sikujua kama ni hofu au ni nini.

"Basi nitacheza bila muziki."

"Uruke ruke na njuga tupu kama farasi wa sarakasi? Vaa shati, Baba."

Saa saba na dakika kumi basi la Oddwell likasimama mbele ya baa. Walishuka wanaume na tepe zao za kijani, vijana wetu wakaanza kukoroma kama vyura, wao wakajibu kwa kuonesha vidole vyao na kujifanya vimechafuka wino. Kila mtu alicheka. Mimi nilikuwa naangalia mlango wa basi.

Amos alishuka wa mwisho. Amekonda, kodiani begani, kofia ina maua. Mkewe, Loveday, alikuwa mbele yake, na yeye amemshika mkono wa koti. Nilidhani ni mguu. Kisha Loveday akasema, "Ngazi mbili. Sasa majani," na nikaona mguu wa baba mdogo unatafuta ardhi kabla ya kuikanyaga.

Nikasogea. "Shikamoo, baba mdogo."

Kichwa kikageuka, lakini macho yalibaki pembeni ya sikio langu. Yalikuwa na ukungu mweupe.

"Nani huyo?"

"Keziah."

"Keziah wa Reuben?" Akatabasamu. "Una meno sasa?"

Nilitaka kulia pale pale. "Ninayo. Baba mdogo, tangu lini...?"

"Mwaka wa tatu huu. La kushoto liliondoka kwanza, la kulia likaona litabaki kufanya nini."

"Baba hajui."

"Na asijue," Loveday akaingilia haraka, amenishika kifundo cha mkono. "Amos hataki kuonewa huruma na watu wa hapa. Mmemfanyia mengi, hilo msimfanyie. Niapie."

Nikaapa. Wanawake wawili katikati ya uwanja, tunaapishana kwa ajili ya kiburi cha wanaume. Nilipokuwa nimekwisha kusema ndipo nilipoelewa nilichoapa. Baba angeweza kulivuta ua lile mbele ya kijiji kizima, na mtu pekee aliyestahili kuuona ule utepe asingeuona.

"Amevaa nini?" Amos aliniuliza, sauti ya chini.

"Utepe wa babu."

"Ua lipo?"

"Lipo."

"Haya," akasema, na tabasamu likatoka usoni pake.

Nilikwenda kumtafuta baba. Kiapo au si kiapo, nilitaka nimwambie kitu, hata sijui nini. Nilimkuta nyuma ya baa kati ya wanaume wake, wote buluu, Denzil anampungia hewa kwa kofia. Nilipomwita alinitazama na kutikisa kichwa, kama mtu anayesema usinisemeshe nitaanguka. Kengele ya kanisa ikagonga saa nane. Wakaingia uwanjani.

Walikuwepo watu kama mia mbili, wa vijiji vyote viwili, na wenye umri wangu wote walijua. Mnong'ono ulipita: ndugu wale, wale wawili, leo. Kisha Denzil, ambaye angeweza kutangaza mazishi kwa furaha, akapaza sauti kwamba kiongozi wetu atacheza peke yake, na mgeni wetu Bwana Amos Tanfield atampigia.

Loveday alimfikisha Amos kwenye kiti, akamkalisha, akasimama nyuma yake. Baba alisimama hatua kumi mbele, leso nyeupe mkononi. Hakumtazama mdogo wake hata mara moja. Alitazama kodiani.

Nikaona mwenzangu mmoja kando yangu ameacha kutafuna sandwichi yake.

Muziki ukaanza.

Mpigaji wa ngoma hii hatazami vidole vyake, anatazama miguu ya mchezaji. Pale kwenye mruko mkubwa inabidi auvute wimbo, aucheleweshe, mpaka mchezaji atue. Akiwahi, mchezaji anajikwaa. Akichelewa zaidi, anaonekana mjinga mbele za watu. Amos alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele. Alikuwa anasikiliza njuga.

Mruko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia, watu wakapiga makofi. Kabla ya wa tatu nikaona baba amekuwa mwekundu, mdomo wazi, na lile ua linaning'inia kifuani kwa uzi wangu mmoja. Akaruka chini sana, akayumba. Na kodiani ikamngoja. Amos alishika sauti moja, akaishika, akaishika, mpaka njuga zote zikatulia sawasawa, ndipo akaendelea.  Baba alisikia kwamba amengojwa, nilimwona usoni. Kwa mara ya kwanza akainua macho akamtazama mdogo wake.

Mruko wa nne aliuruka kama mtu wa miaka hamsini, na wimbo ukaisha.

Desturi ni mchezaji amsogelee mpigaji na kumvulia kofia. Baba akasogea. Hatua kumi zilichukua muda mrefu. Akavua kofia. Mkono mwingine ukapanda kifuani, vidole vile vilivyopinda vikalizunguka ua.

Akalivuta. Uzi ulikatika kwa sauti ndogo kabisa. Akauvua utepe shingoni, akaunyoosha kwa mikono miwili mbele ya uso wa Amos, ile sehemu ya kijani juu.  Nyuma yake wanaume wa buluu walikuwa wanaona mgongo wake tu.

Amos alikaa vile vile, amegeuza uso kidogo kuelekea kanisani, anangoja.

 Sekunde tano, kumi. Nikamwona baba anasubiri, kisha anaelewa vibaya. Wekundu ukampanda kuanzia shingoni.

"Hata kutazama hutaki?" alisema. Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kwa miaka thelathini na saba.

"Kutazama nini?" Amos akauliza.

Loveday alinitazama kwa macho makali. Baba alikuwa ameanza kuushusha utepe. Alikuwa anageuka, nilijua mgeuko ule, ni ule ule wa ukutani, na nilijua kwamba akimaliza kugeuka hatageuka tena mpaka tumzike.

"Baba!" nikapiga kelele. Kiapo kilivunjika na sikukijutia. "Haoni! Haoni kitu, Baba. Itabidi useme."

 Baba alimtazama mdogo wake machoni, akautazama ukungu ule. Nikaona anamaliza kuelewa. Kisha akageuza kichwa kidogo kuwatazama wanaume wake, Denzil na wenzake, shati jeupe na buluu, wanaongoja kujua kuna nini. Baadhi yao aliwafundisha hatua ya kwanza wakiwa hawajafika kiunoni kwake. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka aseme.

Alisema kitu chini chini.

"Sikusikia," Amos alisema. "Njuga zako zinapiga kelele. Simama vizuri."

"Nimesimama."

Na kweli alikuwa amesimama. Ni magoti yalikuwa yanatetemeka, na njuga zilikuwa zinalia zenyewe, kidogo kidogo, uwanja mzima unasikia.

"Kijani," baba akasema kwa sauti. "Ni kijani, Amos. Ulisema kweli."

Mtu nyuma akaguta. Denzil akasema, "Nini?" kama mtoto. Baba hakugeuka.

"Umefumua leo," Amos alisema.

Hapo angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na nilikuwa nimemwahidi sitasema. Niliona analifikiria jibu hilo.

"Hapana. Nilifumua mwaka ule ule. Mwezi Juni."

Uso wa Amos ulibadilika, na haukubadilika kwa furaha. Nadhani miaka yote ile alikuwa amejiambia kwamba kaka yake ni mkaidi tu, kwamba haamini kwa sababu hajaona. Mtu anaweza kuishi na ndugu mkaidi. Alinyoosha mkono. Baba akamwekea utepe kiganjani. Kidole gumba cha Amos kikatembea juu ya hariri, kikafika pale ua lilipokuwa, kikayapata matundu ya sindano nene. Kikapita juu yake, tundu moja moja, duara zima.

"Mishono ya hatamu," alisema.

"Yangu."

"Najua ni yako. Nani mwingine angeshona hariri kama anashona farasi?"

Hakuna aliyecheka. Amos aliukunja utepe, mara moja, mara mbili, akautia mfukoni mwa koti lake. Utepe wa Sharncote, uliokaa kwenye kioo miaka hamsini. Denzil alipiga hatua mbele, nikamshika mkono nikamvuta nyuma.

"Loveday," Amos alisema, "nina kiu. Chai iko wapi?"

"Kule upande wa pili, mahemani," Loveday akajibu, akamnyooshea mkono wa koti kama kawaida.

Amos hakuushika. Alisimama, kodiani begani, uso bado umeelekea pale zilipokuwa zinalia zile njuga.

"Sijakusamehe, Reuben."

"Ndiyo."

"Sijui kama nitaweza. Tangulia mbele. Nitafuata sauti."

Baba alivaa kofia yake. Kifuani palikuwa peupe, hapana utepe, hapana ua. Akageuka kuelekea mahema, na watu wa rangi zote mbili wakapisha. Hatua ya kwanza aliikanyaga polepole mno, njuga zikalia kidogo tu, na nyuma yake Amos akasita mguu ukiwa hewani.

Baba akasimama, akangoja. Kisha yule mzee, magoti yake hayo mabovu, akaanza kuinua miguu juu na kuikanyagisha chini kwa nguvu zake zote, hatua kwa hatua, uwanja mzima mpaka kwenye meza ya chai, ili zisikike.